Ngoma za Ruzizi, Daftari la Uvira

Tarehe 24 Februari 1958 timu za matabibu zilianza kuzunguka katika bonde la Ruzizi. Ngoma zilipigwa, watu wakatoka mashambani na ziwani, wakapanga foleni, wakafungua vinywa, na kila mmoja akamiminiwa mililita moja ya maji yaliyobeba virusi hai vya polio vilivyopunguzwa makali. Kufikia tarehe 10 Aprili, watu 215,504 walikuwa wamekwisha kuipokea chanjo hiyo pande zote mbili za mto: Kongo ya Wabelgiji upande wa magharibi, Ruanda-Urundi upande wa mashariki, hadi ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Lilikuwa jaribio kubwa la kwanza duniani la chanjo ya polio ya kunywa, na lilifanyika kwenye bonde linaloishia Uvira.

Chanjo yenyewe iliitwa CHAT. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, katika Taasisi ya Wistar, chini ya Hilary Koprowski, mwanasayansi mzaliwa wa Warsaw. Kabla ya kuhamia Wistar mwaka 1957, Koprowski alikuwa mtafiti wa kampuni ya dawa ya Lederle. Wakati huo mashindano yalikuwa makali. Albert Sabin alikuwa na virusi vyake, Lederle walikuwa na vyao, Koprowski vyake, na kila mmoja alikuwa akitafuta jambo lilelile ambalo maabara haiwezi kulitoa: watu wengi, wa rika zote, wanaoweza kufikiwa kwa muda mfupi.

Kongo ilikuwa na njia ya kuwafikia. Dakta Ghislain Courtois aliongoza maabara ya tiba ya serikali huko Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na magari, zahanati, matabibu wasaidizi, na machifu wenye orodha za watu wao. Walichokifanya Wistar na Stanleyville tungekiita leo mtandao wa utafiti: taasisi yenye bidhaa huku, huduma ya afya ya umma kule, na katikati watu wachache wanaoandikiana barua, kusafirisha chupa zenye barafu na kuandika ripoti. Ripoti yao ilichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, Julai 1958, ikiwa na majina ya Courtois, Agnes Flack, George Jervis, Koprowski na Gaston Ninane.

Inafaa kuwatazama kidogo Flack na Jervis, maana njia waliyopita kufika Ruzizi inaeleza mengi. Jervis alitoka Letchworth Village, jimbo la New York, taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili. Hapo ndipo Koprowski alipompa mtoto wa kwanza chanjo yake hai mwezi Februari 1950. Flack alikuwa daktari wa Clinton Farms, gereza la wanawake la New Jersey, ambako CHAT ilijaribiwa kwa watoto wachanga wa wafungwa, kwa idhini ya mama zao waliokuwa kifungoni. Baada ya watoto wa taasisi na watoto wa gerezani, ilifuata zamu ya watu wa koloni. Sidai kwamba madaktari hawa walikuwa na nia mbaya. Polio ilikuwa ikiwapooza watoto kila bara, na virusi walivyovibeba vilikuwa vimekwisha kunywewa Marekani kwanza. Hata hivyo, katika hatua zote tatu walichaguliwa watu ambao kukataa kwao kungekuwa kugumu, na hilo halikutokea kwa bahati.

Jambo la pili linanisumbua zaidi kuliko la kwanza. Bonde la Ruzizi halikuwa na kundi la kulinganisha. Hapakutengwa vijiji ambavyo vingesubiri ili, mwaka mmoja au miwili baadaye, mtu aulize: waliokunywa na wasiokunywa wametofautianaje? Ripoti ya 1958 iliweza kusema kwamba watu zaidi ya laki mbili walifikiwa kwa haraka. Haikuweza kusema ni watoto wangapi wa Kavimvira, Uvira, au wa Usumbura (Bujumbura ya leo) waliokingwa wasipooze. Swali hilo lilishughulikiwa vizuri zaidi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuanzia mwaka huohuo wa 1958, ambako Stanley Plotkin, mwenzake Koprowski, alifanya kazi na madaktari wa jiji, wakafuatilia watoto wa chini ya miaka mitano na kukadiria kinga ya takriban asilimia 60. Bonde lilitoa idadi kubwa, jiji likatoa elimu.

Mwaka 1959 Sabin aliandika kwamba amekuta virusi vingine visivyojulikana ndani ya CHAT. Agosti 1960 mamlaka ya afya ya Marekani ilipendekeza virusi vya Sabin, na CHAT ikaanza kuondoka kwenye historia. Mwezi Juni mwaka huohuo Kongo ilipata uhuru, na mtandao wa Stanleyville ukasambaratika pamoja na koloni lililoubeba.

CHAT ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1992 jarida la Rolling Stone lilichapisha makala ya Tom Curtis iliyodai kwamba huenda UKIMWI ulianzia kwenye chanjo hiyo. Mwaka 1999 Edward Hooper aliandika kitabu kikubwa, The River, kilichoichukua hoja hiyo na kuipanua, kikielekeza kidole kwenye kambi ya Lindi, karibu na Stanleyville, iliyotumia sokwe katika majaribio. Sayansi imeikataa, na ushahidi wake uko wazi. Sampuli za CHAT zilizokuwa zimehifadhiwa Wistar zilipimwa, na matokeo yakatolewa kwenye mkutano wa Royal Society, London, mwaka 2000: hazikuwa na chembe za sokwe wala virusi vya jamii ya VVU. Mwaka 2004 Michael Worobey na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni ukoo mwingine, mbali na ule uliozaa VVU vilivyoenea duniani. Hivyo foleni za Ruzizi hazikuleta UKIMWI. Lakini uvumi ule uliishi kwa sababu ulipata nafasi ya kuishi. Kumbukumbu zilizobaki zilikuwa chache, walioamua mambo walikuwa mbali, na watu waliokunywa hawakuwahi kurudiwa na kuambiwa kilichopatikana.

Ukanda huu wa maziwa ulikuwa umekwisha kuona majaribio ya namna hiyo nusu karne kabla ya ngoma za 1958. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alipiga kambi kwenye visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, wakati malale ikiwaua watu wa Uganda kwa makumi ya maelfu. Dawa aliyoibeba ilikuwa atoxyl, mchanganyiko wa aseniki kutoka kiwanda cha kemikali cha Charlottenburg. Sindano za kwanza ziliwapa wagonjwa nafuu ya kushangaza. Nafuu haikudumu, Koch akaongeza kipimo hadi gramu moja, na watu 22 wakapofuka wasione tena.

Upofu huo haukuisimamisha kazi. Baada ya Koch kurudi Berlin, serikali ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilijenga kambi za malale kwenye Ziwa Victoria na pia Tanganyika, kwenye nchi tambarare ya Imbo, ng'ambo ya maji kutoka Uvira. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, wakachomwa sindano, vichaka vya ufukweni vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Viwanda vya Ujerumani vikapata mahali pa kupima dawa mpya: arsenophenylglycin ya Paul Ehrlich, iliyotengenezwa na Hoechst, ilipelekwa Togo na Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Bayer waliipeleka dawa yao ya Bayer 205 Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji, chini ya Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch. Mara hii haikuwa kazi bure, kwani Bayer 205, ambayo leo ni suramin, ingali inatumika kutibu malale ya aina ya mashariki. Wagonjwa wa kambi nao hawakuwa vitu vya kusukumwa tu. Wengi walikuja kwa hiari walipoona jirani amepata nafuu, wakakaa wakati sindano zikisaidia, wakaondoka usiku zilipowaumiza. Kutoroka ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kuinyima dawa idhini yao.

Nimeanza na haya kwa sababu mtu akizungumza leo juu ya mitandao ya utafiti inayosaidia kampuni kufanya majaribio ya kitabibu katika hospitali za umma, anazungumza kana kwamba jambo hilo limezaliwa jana Ulaya. Ziwa letu linalijua tangu zamani. Kilichobadilika ni nani anayekaa katikati, na anabakisha nini bidhaa inapoondoka.

Mabadiliko ndani ya Kongo yalikuja polepole. Mwaka 1984 ilianzishwa Kinshasa Taasisi ya Kitaifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, ambayo baadaye iliongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 2005 ulizaliwa, pia Kinshasa, mtandao wa watafiti wa malale wa nchi zilizoathirika, ukiungwa mkono na shirika lisilo la faida la DNDi. Mwaka huohuo DNDi walifukua kwenye rafu za zamani molekuli moja iliyowahi kutengenezwa na Hoechst na kuachwa: fexinidazole. Hoechst ilikuwa imemezwa na Sanofi, na Sanofi ikakubali kuitengeneza kama vidonge. Lakini wagonjwa wa malale hawaishi Paris wala Frankfurt. Wanaishi mwisho wa barabara, karibu na hospitali ambazo hazikuwa na umeme.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikisha mgonjwa hata mmoja, mtandao ulipeleka paneli za jua, darubini, mawasiliano ya setilaiti, na kuwafunza wauguzi namna ya kuomba ridhaa, kuandika kila dalili na kuripoti kila madhara. Wagonjwa 394 waliingia katika jaribio kuu, karibu wote Kongo na wachache Jamhuri ya Afrika ya Kati. Novemba 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali, na mwezi uliofuata Kongo ikaisajili: dawa ya kumeza badala ya dripu na kulazwa. Ni mfano wa kile ambacho kampuni haiwezi kufanya peke yake hata ikiwa na fedha. Sanofi ilijua kutengeneza kidonge. Haikujua ni muuguzi gani anaaminiwa na kijiji gani.

Mwaka uliofuata vita vya Ebola vya Beni na Butembo vilithibitisha jambo hilo katika mazingira ya kutisha zaidi. INRB na taasisi ya Marekani ya NIAID ziliendesha jaribio la PALM, dawa nne za taasisi na kampuni mbalimbali zikishindanishwa kwa kura, huku vituo vya matibabu vikishambuliwa. Lilisimamishwa Agosti 2019 baada ya wagonjwa 681, kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana: dawa mbili za kingamwili zilipunguza vifo hadi takriban theluthi moja, wakati mbili nyingine ziliacha karibu nusu ya wagonjwa wafe. Moja ya zilizoshinda, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Uvira haikuwa na malale wala Ebola hiyo. Ilikuwa na kipindupindu.

Mji huu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, umerefuka kutoka Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu. Kipindupindu kiliingia mashariki ya Kongo kwa njia ya Tanganyika mwaka 1978 na hakikuondoka tena. Mji ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa waasi mwaka 1964; kisha wakaja wakimbizi wa 1994, vita vya 1996 vilivyoanzia hapahapa, na yote yaliyofuata. Watu waliteremka kutoka milimani wakitafuta usalama, mabomba yakabaki yaleyale. Maji ya REGIDESO, shirika la maji la taifa, yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa kwenye mtambo mmoja, na umeme ukikatika, pampu nazo husimama. Hapo kina mama huchukua madumu na kushuka ziwani au mtoni.

Kituo cha matibabu ya kipindupindu kiko katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira. Kama kila kituo cha namna hiyo, kina vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, kina dripu, kina harufu ya klorini, na kina daftari. Muuguzi wa zamu huandika tarehe, jina, umri, jinsia, mtaa, siku ya kutoka. Hakuna aliyelibuni daftari hilo kwa ajili ya utafiti. Lilikuwepo kwa sababu mkuu wa zoni ya afya lazima apeleke hesabu kila wiki. Na upande wa pili wa mji, mtambo wa maji nao ulikuwa na hesabu yake: leo zimetoka mita za ujazo kadhaa, leo hazikutoka kabisa.

Aurélie Jeandron, mtafiti wa shule ya afya ya umma na tiba ya kitropiki ya London, pamoja na madaktari wa wizara ya afya wa Uvira, waliyaweka madaftari hayo mawili pamoja, siku kwa siku, kuanzia Januari 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa katika jarida la PLOS Medicine mwaka 2015. Siku isiyo na maji bombani ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wa kipindupindu ikilinganishwa na siku ya uzalishaji mzuri. Karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne, asilimia 23.2, alihusishwa na maji yasiyotosha. Kila mama wa mtaa wa Mulongwe au wa Kasenga alikuwa analijua hilo. Tofauti ni kwamba sasa mhandisi na mfadhili hawakuweza tena kusema hawajui.

Nauona utafiti huo kuwa ndipo historia hii ilipogeuka. Watafiti hawakuja na bidhaa wakitafuta watu wa kuipokea. Walikuta kazi ya muuguzi na ya fundi wa pampu, wakaiheshimu kiasi cha kuiuliza swali, na jibu likaenda kwa wenye kumwaga zege. Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Wakfu wa Veolia, wa kampuni kubwa ya maji ya Kifaransa, waliingia pamoja na REGIDESO kupanua mtandao wa mabomba. Watafiti wa London wakapendekeza ujenzi wenyewe uwe jaribio: mji ugawanywe katika maeneo 16, na kura iamue lipi lianze kupata mabomba mapya, lipi lifuate, mpaka yote yapate. Mtaa unaosubiri zamu yake ndio unaolinganishwa na uliokwisha kupata. Hakuna anayenyimwa milele, na kwa kuwa fundi hawezi kuchimba kila mahali siku moja, kura ni haki kuliko kupendelea.

Kwanza ilibidi kujua kipindupindu ni kipi. Si kila kuhara kwa maji ni kipindupindu. Kuanzia Aprili 2016 kituo kilianza kupima. Muuguzi anachukua usufi kutoka kwa mgonjwa, anauloweka katika maji ya peptoni kwa saa kadhaa ili bakteria waongezeke, kisha anachovya kijiti cha Crystal VC, kipimo kinachotengenezwa India, na kusubiri mistari ijitokeze. Kati ya waliopimwa katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, ni takriban wanne tu katika kila kumi waliothibitishwa. Kwa mganga anayetundika dripu tofauti hiyo haibadilishi kitu, upungufu wa maji mwilini unatibiwa vilevile. Kwa anayetaka kujua kama chanjo au bomba linafanya kazi, inabadilisha kila kitu. Na uwezo huo ulibaki mikononi mwa wauguzi wa hospitali ya serikali, hata jaribio lilipoyumba.

Liliyumba kweli. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ya milimani iliufanya Mulongwe uvunje kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mtambo wa maji ukaharibika. Korona nayo ilikuwa imefunga mipaka. Kura ya maeneo 16 haikuweza kufuatwa ilivyopangwa, na watafiti walipochapisha matokeo yao mwaka 2024 walisema hivyo bila kuficha. Walichambua kilichotokea kwa hakika badala ya kilichopangwa: mahali maji yalipotoka kwa wingi zaidi, wagonjwa walipungua. Ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu kuliko wa kura kamili, lakini ni ushahidi wa mji halisi.

Gharika iliharakisha jambo jingine. Kati ya Julai na Oktoba 2020, wizara ya afya na washirika wake walichanja Uvira kwa Euvichol-Plus, chanjo ya kipindupindu ya kunywa inayotengenezwa na kampuni ya EuBiologics ya Korea Kusini, dozi mbili kwa kila mtu mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi. Nasaba ya chanjo hii ni ndefu, na ni nasaba ya mitandao. Ilianzia Vietnam kwa msaada wa wanasayansi wa Sweden, ikaboreshwa na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo iliyoko Seoul, ikajaribiwa Kolkata mwaka 2006, na teknolojia yake ikakabidhiwa viwanda vya India na Korea. Visiwani Zanzibar, maabara ya afya ya umma ya Pemba ilisaidia kupima chanjo nyingine ya aina hiyo mwaka 2009, na ikaonekana kukinga asilimia 79.

Euvichol ilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani kwa sababu jaribio la Ufilipino lilionyesha kwamba inaamsha kingamwili kama dada yake Shanchol wa India. Kingamwili katika damu ni jambo moja; je, miaka mitatu baadaye, katika mji ambako kipindupindu kipo kila mwezi, mtoto aliyekunywa mara moja tu amekingwa? Kampuni haikuwa na njia ya kulijua hilo. Haikuwa na mtu Uvira. Uvira ilikuwa na wauguzi waliozoea kijiti, daftari la miaka mingi, na watafiti kama Espoir Bwenge Malembaka wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, aliyeshirikiana na Andrew Azman na wenzake wa Johns Hopkins.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Mgonjwa akithibitishwa kituoni, timu ilikwenda mtaani kwake kutafuta majirani wa umri na jinsia kama yake ambao hawakuugua. Wote wakaulizwa: mwaka 2020 ulikunywa chanjo? Mara ngapi? Kama chanjo inakinga, waliochanjwa watakuwa wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa kuliko miongoni mwa majirani. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2024 walipata wagonjwa 658 na majirani 2,274. Jibu lilitoka katika jarida la Lancet Infectious Diseases: dozi moja ilikinga kwa asilimia 52.7 katika mwezi wa 12 hadi wa 17, na kwa asilimia 44.7 kati ya mwezi wa 24 na wa 36. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na mwaka mmoja hadi minne, kinga ya mwaka wa tatu ilielekea kushuka, ikikadiriwa asilimia 32.9, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo mno kutoa hakika.

Takwimu hizo zilifika zikihitajiwa sana. Oktoba 2022, chanjo zilipopungua duniani na milipuko ikiongezeka, kundi la kimataifa linalosimamia akiba ya dharura liliamua kutoa dozi moja badala ya mbili. Kiwanda cha India cha Shanchol kilikuwa kinajiondoa, na EuBiologics ikabaki karibu peke yake. Uamuzi huo ulitegemea zaidi jaribio la Dhaka, lililoonyesha kinga ya dozi moja kwa muda usiofikia miaka mitatu, tena katika nchi nyingine. Uvira ndiyo iliyojibu kwa niaba ya Afrika. Na fedha za kulipia jibu hilo hazikutoka kiwandani. Zilitoka wakfu wa Wellcome wa Uingereza na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, jambo linaloipa kauli uzito, maana aliyeuza hakuwa aliyepima.

Hata hivyo sipendi tujisahau. Kipimo hiki kiliwezekana kwa sababu Uvira inaendelea kuugua. Majina ya wagonjwa 658 yaliingia katika utafiti kwa kuwa bomba lilikauka au halikufika. Mtandao mzuri wa utafiti unaweza kukaa raha juu ya ugonjwa usiokwisha, ukizalisha makala moja baada ya nyingine, na hatari hiyo haiondolewi na fomu ya ridhaa wala na muhuri wa kamati ya maadili. Katika Uvira mimi naona kinga mbili. Ya kwanza ni kwamba swali la maji lilitangulia swali la chanjo, na baadhi ya watu walewale waliyauliza yote mawili. Ya pili ni kwamba majina ya Wakongo hayako kwenye shukrani za mwisho wa makala. Yapo juu, kati ya waandishi, na Malembaka ni wa kwanza wao. Mwaka 1958 majina yote matano yalikuwa ya wageni.

Februari 2025 Bukavu, makao ya chuo hicho, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mwaka huohuo fedha za misaada ya Marekani zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa ya huduma za afya za mashariki zilikatwa. Utaratibu wa kupima, kuhifadhi sampuli kwenye baridi na kutembelea majirani unahitaji petroli, barabara na mishahara.

Wakati huohuo kampuni ya Biovac ya Afrika Kusini, iliyotia saini mkataba na taasisi ya Seoul mwaka 2022, inajiandaa kutengeneza chanjo ya kipindupindu ndani ya bara hili. Baada ya majaribio, chanjo hiyo itahitaji mtu wa kuipima mitaani kwa miaka. Uvira iko tayari kuliko miji mingi. Nadhani wakati wa kujadiliana ni sasa, kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na mambo ya kuandika kwenye mkataba yanajulikana: dozi ngapi zitatengwa kwa ajili ya zoni ya afya ya Uvira baada ya utafiti, nani atamlipa muuguzi wa kijiti mradi ukifungwa, sampuli zitakaa Kongo au zitasafirishwa, na REGIDESO itapata nini kutokana na fedha zitakazopita mjini kwa jina la kipindupindu.